Aliyeonja Ndani ya Mvuke

Kwa miaka ishirini na miwili, hakuna sufuria iliyotoka katika jiko la kantini ya kiwanda cha nguo bila kupita kwanza kwenye kiganja cha kushoto cha mpishi mkuu. Alichota mchuzi kwa ncha ya upawa, akaudondoshea kiganjani, akaupuliza mara mbili, akaulamba, kisha akatazama dari kana kwamba jibu limeandikwa huko. Chumvi ikipungua, aliongeza kwa vidole vitatu. Sufuria ikiiva, alijichotea kikombe kizima cha kuthibitisha, akakinywa akiwa amesimama. Wafanyakazi mia tatu wa kiwanda hicho walimwita Mama Onja, na wengi wao hawakujua kama alikuwa na jina jingine.

Alikuwa mnene, tena mnene wa kujivunia, mpaka goti la kulia lilipomsaliti. Lilianza kwa kulialia kama bawaba isiyotiwa mafuta, likaishia kuvimba kila jioni. Daktari wa mifupa alimweleza bila kuzunguka kwamba goti lilihitaji upasuaji, lakini hangeligusa mpaka kilo kumi na tano zipungue. Bila upasuaji hangeweza kusimama mwaka mwingine mzima, na mpishi asiyeweza kusimama hana jiko. Kwa hiyo alipoelezwa habari za sindano ya kila wiki ya kupunguza uzito, ile ichomwayo chini ya ngozi ya tumbo, hakuwa na maswali mengi.

Maswali yalikuwa ya muuguzi wa kliniki, mwanamke mpole aliyeandika kwa herufi za duara. Anakula mara ngapi kwa siku? Mara moja, alijibu Mama Onja, jioni, nyumbani na mumewe. Hakusema uongo, kwani tangu aajiriwe hakuwahi kuketi mbele ya sahani mchana. Muuguzi aliandika, akamfundisha kuchoma, akamweleza kuhusu kichefuchefu cha siku za mwanzo: ale kidogo kidogo, aepuke mafuta, anywe maji hata asiposikia kiu, na akiona lisilo la kawaida apige simu. Mama Onja aliitikia kila neno kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa kwenye ile sindano yenye umbo la kalamu. Ilikuwa nyembamba na nyeupe, na haikuelekea kuwa kitu cha kushindana na mwili wake.

Alichoma ya kwanza Jumamosi asubuhi. Jumapili hakuona kitu. Jumatatu, saa nne, akiwa mbele ya sufuria ya maharage, alitambua kwamba kuna kitu hakipo.

Ilimchukua muda kujua ni nini. Feni ilivuma, maji yalichemka, na wifi yake, mdogo wa mumewe aliyekuwa msaidizi wake jikoni kwa miaka tisa, alikata vitunguu huku akiimba kwa pua. Kelele zote zilikuwa mahali pake. Kilichonyamaza kilikuwa ndani. Tangu utotoni kulikuwa na sauti iliyomwita kutoka tumboni, wala haikuwa njaa ya taabu. Ilikuwa kama mpangaji mwenye maneno mengi: onja hiki, ongeza kile, kesho tupike nini. Aliizoea kama watu wanavyozoea saa ya ukutani, ambayo huisikia siku inaposimama. Sasa mpangaji alikuwa amehama bila kuaga, na chumba chake kimefagiliwa.

Akainua upawa, akadondosha mchuzi kiganjani. Ulinuka chuma. Tumbo likapanda hadi kooni, naye akajifuta upesi kwenye aproni, akatupia chumvi kwa kukisia, akafunika. Alipogeuka, wifi yake alikuwa ameinamia vitunguu vyake.

Mchana alisubiri malalamiko. Hayakuja. Watu walirudi kuomba nyongeza, na fundi wa mitambo, mtu mgumu wa sifa, alisema maharage ya siku hiyo yangemfufua marehemu. Mama Onja alishukuru, huku akijiuliza moyoni. Nani aliyeyaonja?

Wiki nzima ikaenda hivyo. Kinywa kilimkauka, akawa anacheua harufu ya yai bovu, na alipoinama kisha akainuka, jiko lilichelewa kidogo kuinuka pamoja naye. Hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba kliniki ingemnyang'anya dawa na goti lingebaki kama lilivyo. Aliogopa zaidi neno litakaloenea kiwandani, kwamba Mama Onja haonji. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua, naye methali hiyo alikuwa akiwatolea wenzake kila mwaka.

Nyumbani alijipakulia vijiko viwili vya wali, akavisogeza upande huu na huu wa sahani. Mumewe, dereva mstaafu asiyependa kuhoji, alimtazama jioni kadhaa kabla ya kuuliza.

"Mke wangu, hicho chakula unakila au unakipa mazoezi?"

Alicheka ili kumridhisha. Lakini mumewe hakucheka. Alisema kuna jambo jingine linalomsumbua: siku hizi humwona mkewe mlangoni bila kusikia akija. Kwa miaka thelathini alimjua kwa vishindo vyake, tangu kizingiti hadi jikoni, na sasa nyumba ilikuwa inamtoa tu, kama kivuli.

Sindano ya pili aliichoma Jumamosi iliyofuata. Siku nne baadaye, Jumatano, akamwona mwanamke.

Mwisho wa jiko, karibu na mlango wa chumba cha baridi, sufuria ya supu ilikuwa ikitoa mvuke mzito. Ndani ya mvuke alisimama mtu aliyempa mgongo, mnene, aproni nyeupe imefungwa fundo upande wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika upawa. Kiganja cha kushoto kilifunguka. Kichwa kikainama, kikapuliza mara mbili, kikainuka kutazama dari. Mama Onja alitaka kumwita wifi yake, ndipo aliposikia sauti ya wifi huyo huyo nje, uani, akibishana na muuza mboga kuhusu nyanya zilizopondeka.

Mvuke ukapasuka. Hapakuwa na mtu. Sufuria ilikuwa wazi, na mfuniko umewekwa chali juu ya meza, kama yeye mwenyewe alivyouweka siku zote, na kama alivyokuwa akimgombeza kila msaidizi asiyeuweka hivyo. Hakukumbuka kuifunua. Hakuigusa tena, supu ikapelekwa mezani ilivyo. Siku hiyo fundi wa mitambo alilamba bakuli.

Alhamisi hakutaka kutazama upande ule, na kwa sababu hakutaka, alitazama. Mwanamke alikuwa pale. Mama Onja hakuhisi hofu aliyoitarajia, alihisi wivu. Yule alikuwa na hamu ya kula. Ilionekana mabegani mwake, katika namna alivyousogelea mvuke kama mtu anayesogelea moto wakati wa baridi.

"Wewe ni nani?" akauliza polepole.

Mwanamke aligeuka nusu, uso haukuonekana, akanyoosha kiganja kilichojaa supu, kama anayemkaribisha mgeni. Mama Onja akapiga hatua, ya pili, ya tatu. Sakafu ikainama kama sinia linalomwagwa. Alichoona mwisho ni ukingo wa sufuria inayochemka ukimjia usoni. Kisha kitu kikamvuta nyuma kwa nguvu, akaketi chini kwa kishindo, na juu yake akaona uso wa wifi yake, ambaye mikono yake miwili ilikuwa imeng'ang'ania kamba za aproni.

"Unataka kujipika mwenyewe, wifi?" alisema, bila kuziachia kamba.

Saa moja baadaye walikuwa kliniki. Muuguzi alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama, akakunja uso. Akamtazama ulimi. Akauliza leo amekunywa maji kiasi gani.

"Mimi si mtu wa maji, mwanangu. Huwa nakunywa kazini."

"Kazini unakunywa nini, mama?"

Mama Onja alifungua kinywa ajibu, kisha akakitazama kiganja chake cha kushoto. Wifi yake ndiye aliyejibu. Kila sufuria huonjwa mara tano au sita, alieleza, na kwa siku ni sufuria kumi, na kila moja ina kikombe chake cha mwisho.

"Usidanganywe na hiyo mara moja yake, dada. Huyu anakula tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Ila anakula wima."

Muuguzi aliitafuta fomu, akalikata kwa mstari lile jibu la mara moja. Alieleza taratibu, kama anayemwekea mtu kitu kizito mkononi. Dawa hunyamazisha njaa, na mara nyingi kiu huondoka pamoja nayo. Wengine hubaki na mazoea ya kuketi mezani, nayo huwakumbusha. Lakini mama huyu maji yake yote na karibu chakula chake chote vilipitia kwenye kuonja. Siku alipoacha kuonja, alifunga mlango wa pekee. Mwili mkavu huangusha shinikizo, huleta kizunguzungu na giza la macho, na huenda hata kumwonyesha mtu kisichokuwepo.

Mama Onja aliomba apandishwe kwenye mzani. Ulisoma kilo nne pungufu, na uso wake ukang'aa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Muuguzi alitikisa kichwa.

"Nyingi ya hizi si kilo, mama. Hii ni kiu. Daktari wa goti hatapasua mtu mkavu."

Daktari wa kliniki aliitwa, akaamua sindano ya Jumamosi hiyo isubiri, na hata akiendelea, dozi isipandishwe mpaka awe imara. Mama Onja akapewa maji ya chumvi na sukari, anywe funda kwa funda. Kikombe kwa kila saa, na chakula kidogo kwa saa maalumu, ameketi. Njaa haitamwita, muuguzi alisema. Itabidi ajiite mwenyewe.

Wakiwa kwenye benchi la ukumbini, kikombe mkononi, wifi yake alikiri. Tangu ile Jumatatu alikuwa akirekebisha chumvi kwa siri. "Ulikuwa unaimwaga kama unapanda mbegu, wifi. Nikajiambia nikikusema utaumia, nikinyamaza watu watakufa. Nikawa napita nyuma yako."

Mama Onja alihisi kifua kikifunguka. Basi ndiye yeye, huko kwenye mvuke. Akauliza, kwa kutaka uhakika tu, kama alionja kwa kiganja.

"Kwa kijiko. Kiganja ni chako, mimi nitaungua."

"Na supu ya Jumatano?"

Wifi yake alifikiri. Jumatano alikuwa uani na muuza mboga mpaka supu ilipopelekwa. Hiyo, alisema, hakuigusa. Alidhani mkono wa Mama Onja umerudi.

Mama Onja alikunywa funda jingine.

Alirudi kazini baada ya wiki moja. Mumewe alikuwa amempa saa yake ya mkononi ya udereva, yenye namba kubwa, na wifi yake alikuwa ameweka kiti cha mbao kando ya meza ya kukatia, mahali ambapo kwa miaka ishirini na miwili hapakuwa na kiti. Saa nne ilipofika alisimama mbele ya maharage. Alidondosha mchuzi kiganjani, tone tu, akapuliza mara mbili, akalamba. Akatazama dari. Ladha ilikuja kutoka mbali sana, kama mtu anayepaza sauti ng'ambo ya bonde, lakini ilikuja.

"Imezidi," akasema.

Wifi yake aliweka kisu chini. Chumvi hiyo alikuwa ameitia yeye. "Nimekuokoa na sufuria, na shukrani yenyewe ndiyo hii," alisema, akageuka haraka kwenye vitunguu ili vibebe lawama ya machozi yake.

Mama Onja aliongeza maji, akajichotea kikombe kidogo, akaketi. Alitazama mwisho wa jiko. Mvuke ulipanda mbele ya mlango wa chumba cha baridi, ukatengana, ukafungana tena, na kila ulipotengana palikuwa patupu. Hakujua kama alikuwa ameridhika au anasubiri. Alitega sikio hata tumboni. Nako kulikuwa kimya.

Akanywa kikombe chote, taratibu, kwa sababu saa ilisema hivyo, wala hakuna aliyemwita.