Picha Yenye Miguu

Enzi zetu picha ilikuwa na miguu. Mtu wa rika langu aliyekulia Mtinko hahitaji kuelezwa. Ulipigwa kuanzia utosini hadi kwenye vidole, na kama siku hiyo uliazima viatu vya binamu yako, basi viatu ndivyo hasa vilivyopigwa picha. Fundi akikukata miguu, ulimrudishia picha yake mbele za watu, na hakuna aliyekuona mkorofi.

Fundi wetu aliitwa Athumani. Alikuja siku za mnada kwa baiskeli, kamera ikining'inia kifuani ndani ya mfuko wa ngozi, nasi tukamwacha muuza miwa tukamkimbilia yeye na shikamoo zetu kumi kumi. Kamera ile ilikuwa na lenzi moja tu, hiyo hiyo kwa harusi, kwa ubatizo na kwa dume la ng'ombe. Akitaka watu wengi waingie, alirudi nyuma kwa miguu yake mwenyewe. Flashi tuliiita radi. Ikikuwakia usoni ulibaki unaona doa la kijani mpaka ugali wa uwele unapakuliwa, na ukitia tonge kwenye mlenda huoni vizuri unatia wapi. Kisha mlisubiri. Mkanda haukusafishwa mpaka picha zote ziishe, hata ikifika miezi miwili. Ukimuuliza alikujibu, "Mkanda bado haujashiba, mwanangu."

Siku aliyokuja nyumbani, mama alitupaka mafuta ya alizeti hadi nzi wakawa wanateleza. Baba alikuwa ametoka machungani na akakataa katakata kubadilisha viatu. Alisimama mbele ya tembe yetu ya udongo na katambuga za tairi alizozikata kwa mkono wake, mama kushoto kwake, sisi watoto tumekaa vumbini. Athumani akarudi nyuma, akarudi tena, akarudi mpaka akakalia ua wa miiba wa zizi. Baba hakuwa mtu wa kucheka ovyo, lakini siku hiyo alicheka, na kamera ikalia pale pale.

Ndiyo picha pekee ya baba tuliyo nayo. Alifariki nikiwa darasa la sita. Mpaka leo mama akiitazama haanzii usoni, anaanzia chini. "Hii ya kulia ilikuwa inamuuma," husema, akiigusa ile katambuga kwa kidole.

Mwaka huu mama aliniita. Alitaka picha yake mwenyewe, atundike ukutani kando ya ile. "Miguu bado inanibeba," alisema. "Ukichelewa utanipiga nimekaa." Maneno hayo yaliniingia. Ameanza kushika ukuta akiinuka, na mimi nilikuwa najifanya sioni.

Basi nikanunua kamera ya kidijitali, nikidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo imeanza. Binti yangu Neema, anayesoma Dodoma, alinipa somo kwa simu. "Baba, hiyo lenzi iliyokuja na kamera iache kwenye boksi. Tafuta ya milimita hamsini. Kule nyuma kunapotea kabisa, anabaki mtu tu."

Nikamuuliza kunapotea kwenda wapi. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Muuza duka wa Singida mjini, aliyeniuzia hiyo hamsini, naye akanichagulia flashi ya kugeuza kichwa. Usimwakie mtu usoni, aliniambia, elekeza juu kwenye dari, mwanga urudi taratibu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye akili.

Nyumba ya mama haina dari. Nililikumbuka hilo nikiwa nimeshainua flashi sebuleni, mama amevaa kitenge kipya. Mwanga ulipanda kwenye mabati yaliyoliwa na kutu na moshi, ukapotelea huko huko. Nikamwakia usoni, akatoka amefumba macho, na kivuli chake ukutani kikubwa kuliko yeye. Na ile hamsini haina kuvuta wala kusogeza. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mama bado anaishia magotini.

Tukatoka nje. Nikampiga hadi kifuani, nyuma kote kumeyeyuka kama Neema alivyosema. Nakiri, ilikuwa picha nzuri, na nilijisikia fundi. Mama akaitazama kwenye kioo cha kamera kwa muda mrefu.

"Zizi liko wapi?"

"Limefifishwa, mama. Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Na miguu?"

Nikakitazama kioo tena. Picha iliishia kifuani.

"Umenikata, mwanangu. Mtu atajuaje kwamba nilisimama?"

Niliona aibu, na mvi zangu hizi. Nikaitoa kwenye boksi ile lenzi niliyoambiwa niiache, nikaizungusha mpaka mwisho wa upana wake. Mama akaingia ndani, akarudi amevaa viatu vya kanisani, akasimama mahali pale ilipokuwa tembe.

"Rudi nyuma," akasema.

Nikarudi. Alionekana mzima, kilemba hadi viatu.

"Bado. Rudi."

"Mama, umeshaingia wote."

"Mimi nimeingia. Na hapa?"

Alinionyesha upande wake wa kulia. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa amesimama pembeni, ameacha nafasi ya mtu mmoja. Nilirudi nyuma mpaka miiba ya zizi ikanichoma mgongoni nikaruka, naye mama akacheka. Nikabonyeza.

Siwalaumu watoto wetu. Wanapiga picha arobaini za nyuso zao kabla ya chai, na simu ikitumbukia kwenye ndoo wanapiga nyingine. Wana lenzi za kila aina na hawajui kungoja mkanda ushibe. Ila enzi zetu mpiga picha ndiye aliyerudi nyuma ili sisi tuingie na vyetu vyote, ua, kuku na viatu vya kuazima. Hilo ninalikumbuka sana.

Kijana wa kusafisha picha pale mjini aliniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, huku pembeni kuko wazi. Nikate?"

"Usikate," nikamwambia. "Hapo pana mtu."