Kupandisha Keki Mgeta kwa Robo Tangi

Padri wetu hafungishi ndoa wakati wa Kwaresima, na mwaka ule Kwaresima iliingia mapema. Ndiyo maana dada yangu Editha alipangiwa kuolewa Februari, mwezi ambao jua la Morogoro mjini huwaka kama lina kisasi na mtu. Na ndiyo maana nilijikuta ndani ya gari la Mjomba Banzi, tukitoka Dar es Salaam kwenda kuchukua keki Mafiga, mjini Morogoro, na kuipandisha hadi kijiji cha misheni, juu ya Mgeta.

Keki ilikuwa kazi ya Mama mdogo Felista. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi tangu usichana wake kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwamo, na tangu hapo alioka keki ndogondogo za kuuza kwa majirani. Hii ya Editha ilikuwa keki yake ya kwanza ya harusi: ghorofa tatu, zimepakwa krimu ya siagi na kupambwa kwa maua ya waridi ya krimu hiyohiyo. Parokia nzima ingeiona. Ikifika salama, watu wangemjua. Ikifika imeporomoka, wangemjua pia.

Mjomba naye hakuweza kuchelewa. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na kikao cha jioni kabla ya harusi kisingekuwa kikao bila kaka wa mama. Watu wa upande wa bwana harusi, Wachaga walioishi Morogoro miaka mingi, wangekaa wakimsubiri yeye tu.

Tuliondoka Dar es Salaam asubuhi. Gari lilikuwa dogo, jeupe, la mtumba kutoka Japani. Miaka ile ya ruksa magari ya namna hiyo yalikuwa yakishuka bandarini na maandishi yao yote ya Kijapani. Kwenye dashibodi kulikuwa na vitufe ambavyo hakuna mtu katika ukoo wetu aliyeweza kuvisoma. Mjomba alitumia vile alivyoonyeshwa na dalali, vingine akaviachia Wajapani.

Kiyoyozi alikijua, ila alikichukia. Mjomba alikuwa balozi wa nyumba kumi kwa miaka mingi, na maneno ya enzi za ujamaa hayakumwisha mdomoni.

"Huyu ni mnyonyaji," alisema akigonga kitufe chake kwa ukucha. "Amekaa humo ndani, hasukumi gari, hafungi breki, anakunywa petroli tu."

"Umepima, mjomba?"

"Nipime nini? Kila dereva anajua."

Hilo ni jibu ambalo sijawahi kulikubali tangu shule ya msingi. Vioo vyote vinne vilikuwa chini, upepo ukivuma ndani hadi ikabidi tupige kelele ili tusikizane. Nilimwambia kwamba kwenye barabara kuu gari likienda kasi, vioo vilivyo wazi vinakamata upepo kama mwavuli, na injini hulipia mwavuli huo kwa petroli.

"Nithibitishie," alisema.

Chalinze tulipandisha vioo na kuwasha kiyoyozi, baridi hadi mwisho. Baada ya muda mjomba alianza kulalamika kwamba goti lake linauma, akateremsha kioo chake ili apate joto kidogo. Nikamwomba apunguze baridi badala ya kufungua kioo. Akasema hataki kuchezea mitambo ya watu gari likiwa linatembea. Hivyo ndivyo tulivyopita Mikese: kiyoyozi kikifanya kazi kwa nguvu zote, kioo wazi, tukiupoza mkonge wa watu kandokando ya barabara.

Tulipofika Msamvu, mwanzo wa mji wa Morogoro, mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kuliko alivyotarajia. "Unaona?" alisema. Sikuona chochote, na nilimwambia hivyo. Tulikuwa tumefanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Jaribio la namna hiyo halimpi mtu haki ya kusema lolote. Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa nayo watu waliosoma sana.

Mafiga tulifika mchana, umeme haupo. Ilikuwa zamu ya mjini ya mgao. Tulikuwa tumepita vituo viwili vya mafuta, na vyote pampu zilikuwa zimelala. Tulikuwa na robo tangi. Mbele kulikuwa na Mlali, halafu mlima mtupu usio na kituo hata kimoja, halafu safari ya kurudi.

"Shikamoo, Mama mdogo."

"Marahaba, Deo. Mbona mmekauka hivyo? Ingieni, mle chakula haraka, krimu yangu haina subira."

Tulikula ugali na mchicha upesiupesi, gari likiwa juani mbele ya nyumba. Tulipotoka, Mama mdogo alifungua mlango wa nyuma, akaingiza mkono ndani, akautoa kama mtu aliyeshika sufuria.

"Keki yangu haiingii humu."

"Felista, tunachelewa," mjomba alisema.

"Kaka, hili ni tanuri. Keki yangu imeshaokwa mara moja, inatosha."

Mjomba aliwasha injini, akafunga milango yote, akaweka kiyoyozi baridi hadi mwisho. Mama mdogo alimcheka waziwazi. "Ukitaka tanuri lipoe unafunga mlango?" Alifungua milango yote minne, akaanza kuupigapiga mlango mmoja nje-ndani kama feni, joto likitoka na kutupiga usoni. Mjomba alizima kiyoyozi akinung'unika. Nikapendekeza tuzunguke mtaa bila keki, vioo vikiwa chini, ili upepo umalize kazi ambayo tungeipa petroli. Tulizunguka. Tuliporudi, ndani ya gari mlikuwa na joto la nje tu, si la tanuri. Ndipo tukapandisha vioo, tukawasha kiyoyozi, na baridi ikaja upesi kuliko ilivyokuja Chalinze.

Mama mdogo sasa alitaka baridi ya mwisho njia nzima. Hapo nilimkatalia. Krimu ilihitaji kutoyeyuka, haikuhitaji kuganda. Nilisogeza kidude cha baridi hadi katikati, naye akanitazama kama mtu atakayenikumbusha siku hiyo hadi nizeeke. Maboksi matatu tuliyapanga kwenye sakafu ya nyuma, ambako ni baridi kuliko kwenye kiti, na upande wa jua tukabana kanga yake kwenye kioo, naye akaketi nyuma kuyalinda.

Tulipitia barabara ya Iringa hadi Sangasanga kwa mwendo wa wastani, vioo juu. Mjomba alikuwa akiutazama mshale wa mafuta kama mgonjwa anayemtazama daktari.

Kuelekea Mlali lami iliisha, na mbele yetu likaingia lori la Fuso lililobeba matofali. Vumbi lake lilikuwa jekundu na zito, na barabara haikuwa na nafasi ya kulipita. Vioo vilikuwa vimefungwa, lakini vumbi lilianza kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi, jembamba kama unga.

"Vumbi!" Mama mdogo aliinama akafunika maboksi kwa mikono yake, kana kwamba mikono ingetosha. "Kaka, zima!"

Mjomba alizima. Joto likapanda mara moja. Mama mdogo akagusa boksi, akapiga kelele kwamba linapata moto, washa. Mjomba akawasha, vumbi likarudi. Walibishana hivyo, zima, washa, mimi nikitazama kitufe kimoja kwenye dashibodi ambacho hakuna aliyewahi kukigusa. Kilichorwa gari dogo, na ndani yake mshale unaojikunja kurudi ulikotoka.

"Mjomba, hiki ni cha nini?"

"Usiguse! Hicho ni cha kurudi nyuma."

"Gia ya kurudi nyuma si hiyo hapo mkononi mwako?"

"Hiyo ni ya kawaida. Hicho ni cha dharura. Dalali alisema nisikiguse, na tazama huo mshale: gari linageuka. Unataka tugeuke hapa, fuso mbele, korongo pembeni?"

Nilimwuliza kama dalali alijua Kijapani. Akasema dalali alikuwa mtu wa Tandika, hapohapo Dar es Salaam. Nikamwambia kwamba mshale ule upo ndani ya gari lililochorwa, si chini yake. Kinachozunguka ni kitu kilicho ndani, na ndani mna sisi, keki na hewa. Sisi na keki hatuzunguki.

"Na kama umekosea?"

"Basi nitakuwa nimekosea."

"Bonyeza!" Mama mdogo alisema kutoka nyuma. "Tukigeuka, tutageuka na keki safi."

Mjomba alishika usukani kwa mikono miwili, akakaza shingo. Nilibonyeza. Kikasikika kishindo kidogo mahali fulani nyuma ya dashibodi, kama mlango wa kabati. Gari liliendelea mbele. Vumbi likakoma. Na baada ya muda mfupi hewa iliyotoka ikawa baridi zaidi ya mwanzo, ingawa hatukuongeza kitu, kwa sababu sasa kiyoyozi kilipoza hewa iliyokwisha kupozwa badala ya kuvuta moto wa Mlali na kuanza upya kila mara. Feni tukaipunguza.

"Kumbe miaka miwili nimekuwa nikipoza barabara," mjomba alisema taratibu.

Baada ya Mlali mlima ulianza, na taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Gari lilipiga gia ya kwanza na kukoroma, na mshale wa joto la injini ukaanza kupanda. Sasa ilikuwa zamu yangu kumpa mjomba haki yake. Pampu ya kiyoyozi huzungushwa na injini, na injini ile ilihitaji kila nguvu yake kwa ajili ya mlima.

"Hapa kweli ni mnyonyaji," nilisema. "Zima, acha feni tu."

"Deo!" Mama mdogo alisema.

"Ndani kumeshapoa, Mama mdogo. Ubaridi hautakimbia mara moja."

Mama mdogo aliweka kiganja juu ya boksi moja, akakiacha hapo, akisikiliza kwa mkono. Gari lilipanda kona baada ya kona. Joto la injini likasimama, halafu likashuka kidogo. Ndani kulianza kuwa vuguvugu, nami nilianza kujiuliza kama ubaridi ule ungetufikisha au kama nilikuwa nimeyeyusha riziki ya mtu kwa hoja nzuri. Tulipofika penye matuta ya kabichi na vijito vinavyokatiza barabara, Mama mdogo alitoa kanga kwenye kioo, akateremsha kioo kidole kimoja, akavuta pumzi.

"Fungua vyote," alisema. "Mgeta imefika."

Hewa iliyoingia ilikuwa baridi, yenye unyevu, isiyo na vumbi wala deni la petroli. Kutoka hapo hadi kijijini kiyoyozi hakikuwashwa tena.

Jua likielekea kuzama tuliingia kwenye uwanja wa nyumba yetu. Wazee wa bwana harusi walikuwa wamekaa, na mbuzi wao wa kuchomwa mzima kesho, ambaye kwa Wachaga ndiye keki ya harusi, amefungwa kwenye mti wa mapera. Mama mdogo alifungua maboksi kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Waridi moja lilikuwa limelala upande. Mengine yote yalisimama.

"Hiyo keki imekuja kwa gari?" mzee mmoja wa Kichaga aliuliza, akionyesha mbuzi. "Yetu imekuja kwa miguu yake."

"Na kesho jioni," Mama mdogo alimjibu, "tutaona ipi inaombewa nyongeza."

Jioni ya pili, baada ya ndoa, sinia la keki lilirudi tupu kabisa, na mama mmoja wa kwaya alimfuata Mama mdogo jikoni kumwomba amwokee ya Pasaka.

Siku ya kurudi tuliteremka na petroli iliyobaki, gia ndogo, vioo wazi, kiyoyozi kimezimwa. Mjomba alitaka kuzima na injini ili tuteleze. Nilimkatalia, breki za gari lile zilitegemea injini, nami nilitaka kumwona Editha tena. Sangasanga pampu zilikuwa zimeamka.

Sijui kiyoyozi kile kilikula petroli kiasi gani, na sitajifanya kwamba tulipima. Nilichojifunza ni kwamba swali letu lilikuwa baya. Tuliuliza kama kinanyonya au hakinyonyi, wakati swali lilikuwa lini na wapi: kwenye lami, vioo juu, kinastahili; mlimani, kwenye ubaridi wa bure, hakistahili; na katika gari lililochomwa na jua, mlango kwanza.

Mafiga tulisimama kunywa maji, gari likabaki juani. Tulipotoka, mjomba alifungua milango yote minne, akasimama kando, mikono nyuma, kama anasubiri mtu ashuke. Jirani akapita.

"Balozi, pole. Gari limekufa?"

"Hapana," mjomba alisema. "Linapumua."

Mama mdogo alikuwa mlangoni na maboksi yake matupu. Alimwambia kaka yake asisahau njia, kwa sababu keki ya Pasaka nayo itapanda Mgeta.