Koki ya Bwana Piontek

Gernot Piontek alikuwa karani wa stoo kwenye kiwanda cha vigae tangu ujana mpaka anastaafu, na muda wote huo hakuna kiumbe aliyewahi kumwogopa, hata mbwa wake. Alipostaafu akachukua kiwanja hapa kwenye bustani tunazokodishiwa na chama chetu, nyuma ya reli, Gelsenkirchen, Ujerumani. Mwaka huohuo mkutano ulikuwa unatafuta Msimamizi wa Maji. Kazi hiyo hakuna aliyeitaka, kila mtu aliinamia glasi yake ya bia. Piontek akanyoosha kidole. Maskini akipata matako hulia mbwata, na mbwata za huyu bwana tulizisikia miaka na miaka.

Cha kwanza alibandika kanuni langoni, kazifunika kwa nailoni zisilowe. Mita ya maji ya kila kiwanja ilale sawasawa kwa pima maji. Mshale uliochorwa ubavuni mwake uelekee yanakokwenda maji. Muhuri wa kuthibitisha usahihi wake usiwe umepitwa na wakati. Na kabla ya baridi kali kila mtu aing'oe mita yake akaiweke nyumbani, barafu isije ikaipasua. Atakayeiacha shimoni atafungiwa maji msimu mzima. Sikatai, kanuni zenyewe zina akili. Aliyezishika ndiye hakuwa nayo.

Kila Aprili, siku ya kufungulia maji, watu wazima na mvi zetu tunasimama kila mmoja kando ya shimo lake la mita, kama watoto wa shule wanaongoja kukaguliwa kucha. Piontek anapita na suruali iliyopigwa pasi, pima maji kwapani, spana na koleo ya lakiri zikining'inia kiunoni. Anainama, anaguna, anainuka. Basi hapo anajiona waziri! Ukimsalimia anakujibu baada ya kukagua, siyo kabla.

Jirani yangu ni Irmgard Schlothauer, mjane. Aprili moja alikuwa ametoka kupasuliwa nyonga, kwa hiyo alimngoja Piontek akiwa amekaa kwenye kigoda. Mita alifungiwa na mpwa wake, kijana wa mjini asiyejua kushika hata bisibisi.

"Bi Schlothauer," Piontek akasema, "mshale unatazama nyuma."

"Ala! Basi igeuze, baba. Spana si hiyo unayo kiunoni?"

"Kazi yangu kukagua. Kufunga mita ni kazi ya mwenye kiwanja."

"Gernot, mimi siwezi kuinama. Unaniona."

"Naigeuza mimi," nikadakia. "Nipe hiyo spana."

"Mita ikishakataliwa haiguswi mpaka ukaguzi ujao."

"Ujao lini?"

"Oktoba."

"Oktoba!" nikasema. "Wewe mzee una wazimu? Atanywesha bustani kwa mate?"

"Kanuni ni kanuni," akasema. Akafunga koki, akapitisha waya, akaibana lakiri kwa koleo, koki isifunguliwe. Niliusikia ule mlio mpaka kwenye meno. Yule mtu alikuwa anatabasamu.

Sasa elewa jambo lenyewe. Kwetu hapa kiwanja kikikauka, chama kinakichukua na kumpa mwingine. Na kwenye kiwanja cha Irmgard kulikuwa na miti miwili michanga ya tufaha, ambayo marehemu mumewe, Ewald, aliipanda vuli ile kabla hajafa. Mti mchanga haujui kungoja Oktoba.

"Hiyo ikifa, shoga," Irmgard aliniambia, "mimi huku sina tena cha kufuata."

Nikaanza kumvushia maji kwa ndoo juu ya ua wa mpaka wetu, jambo ambalo nalo limekatazwa. Potelea mbali! Julai jua likawaka, nyasi za watu wote zikawa rangi ya mkate. Kwa Irmgard majani yakabaki mabichi. Piontek akapita, akatazama, akatazama tena, akaenda zake. Nikajua hapo pana jambo.

Jumapili ile akatuitisha kwenye nyumba ya chama. Akasimama mbele na karatasi yake. Mita kubwa ya langoni, akasema, inaonyesha maji mengi kuliko mita zetu zote zikijumlishwa.

"Yanaibwa," akasema. "Na kila mwenye macho anaona ni kiwanja gani kimefungiwa maji na bado kinameremeta. Naomba kura. Bi Schlothauer anyang'anywe kiwanja."

Na sisi je? Aibu tupu. Watu walikuwa na saladi ya viazi midomoni, na wengine walishaanza kuinua mikono ili tumalize haraka, soseji zisipoe. Watu waliokula keki za Irmgard miaka yote ile! Ningekuwa na fagio ningewafagia wote.

"Maji nampa mimi!" nikapiga kelele. "Kwa ndoo! Na yote yamepita kwenye mita yangu!"

"Basi umekiri," akasema Piontek.

Irmgard akainuka na mkongojo wake. "Gernot, mimi siku hizi nikifika langoni lazima nipumzike, na pale hakuna cha kusoma ila kanuni zako. Umeandika kwamba kila mwaka koki zote zifungwe, halafu itazamwe mita kubwa. Ikizunguka, kuna mahali panavuja. Umewahi kufanya?"

"Haijahitajika."

"Leo imehitajika," akasema Lothar, mwenyekiti wetu, mtu mpole anayemwomba radhi hata nzi. Nilitamani kumbusu.

Tukatoka, kila mtu akafunga koki yake. Tukakusanyika kwenye mita kubwa. Ilikuwa inazunguka.

"Mwizi kaacha koki wazi," Piontek akasema.

"Ya kwako umeifunga?" Lothar akamuuliza.

"Ya kwangu niliikagua mwenyewe."

Nyani haoni kundule! Tukaenda kwake wote, yeye nyuma akitukataza kukanyaga majani. Kiangazi chote kile maua yake ya buluu yalinawiri, makubwa kama kabichi, na sisi mbumbumbu tulikuwa tunamsifia mkono wake. Lothar akafunua shimo. Lilikuwa limejaa maji, na ndani yake mita imevishwa sweta kuukuu la baridi. Hakuwa ameing'oa. Kung'oa mita wakati wa baridi ni kwa ajili ya watu, siyo yeye! Barafu ilikuwa imeipasua upande yanakoingilia maji, yakawa yanamwagika kabla ya kuhesabiwa.

"Sweta lilikuwa zito," akasema Piontek. Haki ya Mungu, ndivyo alivyosema.

Nikacheka mpaka nikashikilia ua wa kiwanja chake. Irmgard hakucheka. Akanyoosha kiganja.

"Kwanza nenda ukaigeuze ya kwangu. Halafu nipe koleo."

Piontek alipiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya pasi, akakata lakiri, akaugeuza mshale, akamfungulia maji, na haikumchukua muda hata wa kunywa kikombe cha kahawa. Koki ya Piontek niliifunga mimi, maana Irmgard hamudu kuinama. Lakiri niliibana kwa nguvu zangu zote.

"Mpaka lini?" akauliza.

"Umeandika mwenyewe," nikamwambia. "Msimu mzima."

Agosti joto likazidi, maua yake yakainamisha vichwa. Asubuhi moja nikamwona nje ya ua wa Irmgard, kashika ndoo, kaitazama ndoo badala ya kumtazama mwenye maji. Irmgard akaichukua bila swali. Akaijaza mpaka juu, akamnyooshea.

"Maua hayana kosa," akasema.

Piontek akapokea mpini. Halafu, kama mtu anayepiga chafya, likamtoka: "Ila, Bi Schlothauer, kikanuni maji hayaruhusiwi kuvuka ua."

Irmgard alikuwa bado hajauachia mpini. Akaivuta ndoo upande wake.

"Kweli, ningesahau," akasema. Akajikokota mpaka kwenye miti ya Ewald, akayamwaga yote pale, nusu huku na nusu kule, kisha akarudi akamkabidhi ndoo yake tupu.