Sahani ya Chokoleti Mlangoni

Leo nimefukuza mteja kwa ukarimu.

Mnakajua kaduka kangu ka pipi na chokoleti hapa Nyakahanga. Nikajisemea, watu hawanunui wasichokijua, ngoja waonje. Nikavunja chokoleti vipande vipande, nikaiweka sahani kwenye stuli pale mlangoni.

Akaingia bibi mmoja, anatoka kumwona mgonjwa hospitali.

"Shikamoo bibi. Karibu uonje."

"Marahaba, mwanangu."

Akapokea kwa mikono miwili, akaketi, akaanza kunipa habari za nyumbani kwake.

Hapo ndipo nikashtuka. Huku kwetu mgeni akifika, unampa kwanza punje za kahawa azitafune, maongezi baadaye. Mimi nimempa chokoleti. Basi, nimeshapata mgeni!

Akaja nesi, na huyu alikuja kununua kabisa, boksi la chokoleti kashalitoa kwenye shelfu. Bibi akamsogezea sahani. Nesi akaonja, akafungua pochi.

Bibi akang'aka: "Mwanangu, umekaribishwa, umekula, halafu unamlipa mwenyeji? Unamtia aibu!"

Nesi akaona haya, akarudisha boksi kwenye shelfu, akaenda zake.

Na mimi nimesimama pale, natabasamu tu.

Kwa hiyo wenye maduka wenzangu, mteja aonjeshwe kaunta, akishachagua. Ukimpa mlangoni, umemkaribisha nyumbani. Au nyie mnafanyaje?

Bibi wakati anaaga kaniambia kesho niende kwake Kiruruma, kuna mkungu wa ndizi umekomaa.

Nakwenda. Na pochi naiacha dukani.