Mwasumini Uliokonyolewa Majani

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Jirani yangu hapa Mabawa, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia watu wa mtaa wa pili, aliposema anamwoza binti yake wa mwisho, nilidakia palepale: "Asumini ya koja la bibi harusi itatoka uani kwangu, mama. Usinunue hata ua moja!" Mimi huyo, mtoto wa wakulima wa Maramba, niliyeupanda mwasumini kwa kupenda harufu tu, bila kujua unavyotunzwa.

Kiangazi kikaupiga. Majani yakageuka manjano, yakapukutika. Nikaumwagia maji asubuhi na jioni, nikaubembeleza kwa maneno, hadi mume wangu akauliza kama naye akinyauka atapata maneno hayo. Ua halikutoka.

Siku moja narudi kutoka Ngamiani sokoni, namkuta jirani uani kwangu anakonyoa majani machache yaliyosalia. Na anaimba! Damu ilinichemka. Hata shikamoo niliitoa kwa shida.

"Marahaba, mwanangu. Maji yote haya ya nini? Mwasumini ukishiba maji na majani hauchanui. Uache uone kiu kwanza, nitakwambia lini uunyweshe."

Nilinuna. Harusi inakaribia, nami nina vijiti vitupu na ahadi niliyoitangaza mtaa mzima. Nilishaanza kutunga uongo wa kusema.

Aliponiruhusu kuumwagia maji, mti ukapata wazimu. Machipukizi, kisha matumba meupe, kila kijitawi! Nilicheza peku uani, nikampigia mume wangu simu kazini huku napiga kelele, akadhani nyumba inaungua.

Alasiri ya harusi nilichuma matumba kabla hayajafunguka, ili yafungukie kichwani kwa bibi harusi. Nikampelekea jirani ungo umejaa pomoni, nikageuka niende zangu, maana waliokaa mkekani kutunga walikuwa jamaa zake watupu.

"Wenda wapi?" jirani akaniita, akanipa sindano na uzi. "Kaa hapa."

Nikakaa. Nilijichoma vidole, nikacheka ovyo, nikalewa harufu. Koja lilipokamilika, shangazi za bibi harusi wakaanza kubishana nani amvishe. Binti akawapita wote, akapiga magoti mbele yangu, akainamisha kichwa. Pini ikaniponyoka, nami nacheka na machozi yananitoka.

"Taratibu, mama mdogo," akaninong'oneza. "Usiniharibie nywele."