Fundi wa Vitanda Aliyebandua Ubavu wa Ndege Yake

Asubuhi, jua likiwa limeshaingia karakanani, mkaguzi anavua koti, analitundika kwenye msumari wa ukutani na kuanza kazi. Kwa kinyundo cha mbao anagonga ubavu wa ndege, taratibu, sikio amelitega kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto.

Nyuma yake amesimama mwenye karakana, seremala ambaye mtaa unamjua kwa vitanda na milango. Wenzake wamembandika jina la Rubani, ingawa hajawahi kupanda ndege. Mikono ameitia mfukoni.

"Mikono ilitaka kugusa kila anapogonga," anasema baadaye, akicheka. "Ningeiweka wapi?"

Mbele yao upo mwili wa ndege ndogo ya viti viwili: kiunzi cha fito nyepesi kilichovikwa plaiwudi nyembamba. Hauna mabawa wala injini. Umelazwa juu ya meza mbili, umebanwa kati ya kabati la mteja na rundo la miguu ya viti.

Rubani ni mwanachama wa chama cha watu wanaojijengea ndege nyumbani, na hakuna hatua anayoivuka bila mkaguzi wa chama kuridhika. Msimu wa mvua uliopita, kinyundo hichohicho kilitoa sauti iliyofifia. Mkaguzi akachomeka ubapa wa kisu kwenye kiungo, ukazama bila kipingamizi. Mbao zilikuwa zimekunywa unyevu, gundi ikakataa kushika.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anakumbuka seremala.

Mkewe, muuguzi, hakumung'unya maneno. "Nimeshafunga vidonda vingi vya watu walioanguka ngazi," anasema. "Huyu wangu anataka kuanguka kutoka mawinguni. Nikamwambia, Baba Pacha, ikikataa tena tunaikata, tunapata kabati la vyombo."

Baba Pacha akakubali. Kisha akabandua plaiwudi ya ubavu mzima, akaparua gundi ya zamani na kungoja kiangazi. Kila alipochanganya gundi mpya, aliunganisha pia vipande viwili vya mbao za majaribio, akaviacha vikauke, halafu akavivunja kwa nyundo. Kama ni mbao iliyopasuka na kiungo kikabaki, aliendelea. Kama ni kiungo kilichoachia, gundi ile aliimwaga.

Leo mkaguzi anagonga mpaka anafika mkiani. Muuguzi amesimama mlangoni na sare yake, amechelewa kazini na hajali. Mkaguzi anarudia sehemu moja, mara ya pili, mara ya tatu. Kisha anachukua koti lake.

"Anza mabawa," anasema.

Seremala anakaa chini palepale, kwenye maranda.

"Baba Pacha, unaumwa?" mkewe anauliza.

"Siumwi. Natafuta mabawa yatalala wapi."

Mama Pacha anacheka mpaka anajifuta machozi. Halafu anavua viatu, anapanda kwenye meza na kujipenyeza ndani ya mwili wa ndege kupima kama magoti yatatosha kiti cha nyuma. Yanatosha. "Sijasema nitapanda," anaonya.

Seremala naye hana haraka. Siku ndege itakapokamilika, ataikabidhi kwanza kwa rubani mzoefu, yeye abaki uwanjani.

"Nataka niitazame ikiondoka na niitazame ikirudi," anasema. "Ikishatua salama, nitapanda naye, nimwombe anionyeshe pa kushika."