Karatasi Iliyofunika Kidirisha

Kile kinanda kilinichukua miezi minane, na zaidi ya nusu ya miezi hiyo nilikuwa nangojea jua.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja, nikitoka Makongeni kwa miguu kila asubuhi. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la saba, na nilikuwa mtu wa haya. Hata kuomba chumvi mezani wakati wa chakula kulinishinda. Lakini fundi wa umeme wa pale kiwandani, mzee mmoja kutoka Machakos, aliniona nikiokota vipande vya mtambo uliotupwa, akanichagulia kimoja. Kilikuwa kidude cheusi chenye miguu ishirini na minne kama tandu, na mgongoni kina kidirisha cha kioo.

"Hiki kinakumbuka namba," akaniambia. "Ukizima umeme hakisahau. Ukitaka kisahau, kianike juani, kidirisha kikiwa wazi, wiki mbili hivi. Ukishaandika namba zako, ziba kidirisha kwa karatasi. Na hiyo karatasi usiibandue."

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba sauti ni mlima na bonde, na kwamba mlima ukikatwa ngazi, kila ngazi inaweza kupewa namba. Namba zikisomwa haraka kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, halafu tena na tena, spika hutikisika kwa umbo lile lile na mtu husikia noti. Ukiharakisha kusoma, noti inapanda. Ukichelewesha, inashuka.

Nilimpelekea habari hizo rafiki yangu wa Pumwani, aliyekuwa akipiga zumari katika kikundi cha harusi. Tulijuana tangu darasa la tatu. Shuleni, mwalimu akiniuliza swali nami nimekwama, yeye ndiye aliyekuwa akinijibia. Nilimpenda kwa hilo.

"Mazee, kitalia kama zumari?" akauliza.

"Tukipata namba zake."

"Basi zitafute. Mimi nitakuambia kama ndizo."

Tukapatana kazi ni ya wawili, na majina yatakuwa mawili.

Nilinunua daftari la hesabu lenye miraba. Nikachora mlima na bonde, nikahesabu miraba chini ya mstari, nikapata namba sitini na nne. Kila namba niliipanga kwa swichi nane, hii juu, hii chini, kisha nikabonyeza kitufe kilicholeta nguvu ya betri tatu zilizofungwa pamoja, namba ikaingia. Mimi huandika polepole, na hapo upole huo ulinifaa. Hata hivyo mara mbili niliinua swichi moja isiyotakiwa, na kwa kuwa namba moja haifutiki peke yake, kidude chote kikarudi juu ya mabati.

Rafiki yangu akija alikuta kopo la maziwa lililogeuzwa juu ya paa la choo, kidude kimelala juu yake.

"Bado?"

"Bado kiko juani."

"Unakianika kama chupi?" Alicheka mpaka mama akatoka jikoni kuangalia. Rafiki yangu alidhani nakikausha unyevu. Sikumweleza zaidi, nilipenda anavyocheka.

Jaribio la kwanza lilitoa sauti mbaya. "Nyuki ndani ya debe," akasema, akapuliza zumari lake kunionyesha. Nikabadilisha mlima, nikakiweka tena juani. La pili akasema, "Mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko, na anajua anapopelekwa." Mwezi wa saba mawingu hayakuondoka na kidude kilikataa kusahau kwa wiki tano. Jaribio la nne alikuwa amekaa kitandani kwangu nilipobonyeza kitufe. Alichukua zumari, akapuliza noti ile ile, noti mbili zikakaa pamoja, moja ya pumzi na moja ya namba.

Nikakata kipande cha karatasi, nikaandika kwa kalamu "Kazi ya" na majina yetu mawili, lake kwanza. Nikakibandika juu ya kidirisha. Kidude kilikaa juu kabisa ya sanduku la kinanda, pamoja na vitufe kumi na vitatu nilivyotoa kwenye mashine kuukuu za kujumlishia hesabu, ili mtu yeyote aone kila kitu.

Harusi ya kwanza ilikuwa Jumamosi alasiri, uwanjani, chini ya turubai. Yeye alikaa mbele na kinanda. Mimi nilikaa nyuma ya spika kuangalia waya zisichomoke. Kilipolia, wanawake walipiga vigelegele kabla wimbo haujafika katikati. Mjomba wa bwana harusi akasogea.

"Kijana, mashine hii imetoka Japani?"

"Japani wapi, mzee? Ni mkono huu." Akauinua juu watu wauone.

"Na huyu mwenzako?"

"Huyu ananishikia waya."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nami nikatabasamu. Hilo tabasamu linaniudhi mpaka leo.

Njiani nilisema, "Ulisahau kunitaja."

"Bana, wewe ungesimama uongee? Nimekuokoa."

Alikuwa akinijibia, kama darasani. Nikajiambia wiki ijayo atakumbuka.

Wiki iliyofuata nilifika kwenye harusi nyingine nikakuta karatasi imebanduliwa. Mahali pake palibaki alama ya gundi, na kidirisha kikimeta. Pembeni ya sanduku palikuwa na maandishi mapya ya rangi nyekundu, jina lake peke yake, na mchoro wa nyota.

Nilijua jua litafanya nini. Ningeweza kusema neno moja tu: ziba. Nilitazama turubai, nikaona kivuli hakifiki alipokaa. Nikashika waya mpaka mwisho wa harusi, nikaenda nyumbani, sikurudi tena. Hakunitafuta.

Alikuja baada ya miezi miwili na nusu, sanduku begani, akamwamkia mama kwa heshima zote.

"Kinakwaruza," akaniambia. "Mara kinalia, mara kinakohoa. Jumamosi nina harusi kubwa. Niandikie zile namba tena."

"Karatasi iko wapi?"

"Karatasi gani?"

"Iliyokuwa hapa juu."

Alifikiri kweli. Niliona anafikiri, na hilo liliniuma kuliko yote. "Aa, ile. Niliitoa. Watu walikuwa wanauliza huyu wa pili ni nani."

"Ungewaambia."

"Wewe ungetaka waje wakusemeshe?"

Daftari lilikuwa chini ya mto wangu. Nikamwambia, "Nitaandika. Lakini Jumamosi nitasimama mbele na wewe, na utasema ni kazi ya nani."

Alicheka kidogo, halafu akaona sicheki.

"Nimeshasema kwa watu wengi sana kwamba ni yangu," akasema polepole. "Sasa nitawaambia nini?"

Safari hii hakunijibia. Alimuaga mama, akaondoka bila sanduku. Jumamosi ile, nilisikia, walipiga zumari tu.

Mvua zilipokwisha nilipandisha kidude juu ya mabati. Baada ya wiki mbili nikaandika namba zote sitini na nne bila kosa hata moja, nikakata karatasi. Nilishika kalamu kwa muda mrefu. Mwishowe niliandika majina mawili, kwa sababu sikio lilikuwa lake na sikuweza kuandika uongo kama yeye, nikaziba kidirisha.

Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Sauti ilikuwa safi. Nikabonyeza cha pili, nikasimama hapo, maana sikujua kupiga wimbo hata mmoja.